Kidole cha Onésime na Mtungi wa Donatille

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Papa Onésime kilikuwa kidole gumba cha mkono wake wa kushoto. Alikuwa ananikabidhi ufunguo wa chumba nilichopanga katika parseli yake, kiwanja chenye nyumba na uani, kule mtaa wa Birere, mimi nikiwa nimetoka tu Bukavu na diploma yangu ya kufundisha biolojia, na badala ya kuutazama ufunguo nikakitazama kidole. Nyama ya ncha yake ilijaa madoa meusi madogomadogo, kama ganda la chungwa lililosahauliwa juani. Nilidhani ni alama za baruti, au ugonjwa fulani wa ngozi. Nikaupokea ufunguo kwa adabu wala sikuuliza.

Alinieleza mwenyewe baadaye, tena kwa majivuno. Alikuwa mfanyakazi wa chumba cha kuchemshia vyombo katika hospitali moja ya mji wetu wa Goma. Kwenye kadi yake ya kazi aliandikwa citoyen, yaani raia, Twagirayezu, maana ilikuwa miaka ambayo majina ya ubatizo hayakuandikwa tena popote katika Zaïre. Lakini nyumbani, na hata kwa wagonjwa, alibaki Onésime.

Siku hizo sindano haikutupwa. Iliingia katika mkono wa mtu, ikasuuzwa, ikachemshwa, ikaingia kwa mwingine, mpaka ncha ikawa butu na wagonjwa wakapiga kelele. Hapo ndipo ilipoletwa kwa Papa Onésime. Alikuwa na jiwe la kunolea, laini kama sabuni, ambalo alilipaka mafuta kidogo. Shida ni kwamba ukishanoa, jicho haliwezi kukuambia kama ncha imenyooka au imepinda ikawa ndoana. Na ndoana hiyo ndiyo inayorarua nyama. Basi yeye aliivuta sindano polepole juu ya kidole gumba. Ikiteleza, ni nzuri. Ikikwama, inarudi kwenye jiwe. Kisha zote zilizopita mtihani ziliingia katika maji ya moto.

Kwanza kidole, kisha maji ya moto. Utaratibu huo ulimlinda mgonjwa, na watu wote pale hospitalini, wadogo kwa wakubwa, waliuona ni utaratibu mzuri. Wamama wa sokoni waliokuja kuchomwa penisilini walisema wazi, "Muniletee sindano ya Papa Onésime, ile haiume." Yeye akisikia maneno hayo kupitia ukuta wa mbao alitabasamu peke yake. Habari za kidole hazikumjia mtu akilini.

Msimu wa mvua uliofuata, macho ya watu wa hospitali yakaanza kugeuka manjano.

Wa kwanza alikuwa Marcelline, mwuguzi kutoka Butembo, mwanamke mwembamba aliyeimba kwaya ya Waprotestanti. Alikaa kitandani muda mrefu, akapona, akarudi kazini akiwa amekonda. Wa pili alikuwa Célestin wa labo, maabara ya hospitali, yule aliyefyonza damu kwa mdomo katika kimrija cha kioo ili apate kipimo chake. Célestin hakurudi. Tulimzika kabla ya Noeli, na palepale makaburini, kabla udongo haujasawazishwa, nikalisikia neno ambalo kwetu hakuna asiyelijua: karuho.

Karuho ni sumu ya polepole. Husemwa kwamba mtu huificha chini ya ukucha na kuidondosha katika kinywaji cha mwenzake. Aliyekunywa hubadilika rangi, hukonda, na madaktari hawaoni kitu. Sijapata kukutana na mtu aliyeiona kwa macho. Sijapata pia kukutana na mtu asiyeiogopa. Na neno hilo likishatamkwa, swali linalofuata ni moja tu: alikunywa kwa nani?

Célestin alikunywa kwa Mama Donatille. Donatille alikuwa dobi wa hospitali, mjane, mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni. Kila mwisho wa mwezi alipika kasikisi, pombe ya ndizi, na wafanyakazi walikusanyika uani kwake, mtungi katikati, kila mtu na zamu yake ya mrija. Papa Onésime hakukosa hata mara moja. Marehemu mume wa Donatille alikuwa rafiki yake tangu walipoteremka pamoja kutoka milima ya Masisi kutafuta kazi, na wawili hao walikuwa wamekubaliana kwamba watoto wao, Laurent wa Onésime na Séraphine wa Donatille, wataoana. Laurent na Séraphine nao, kwa bahati njema, walipendana bila kuambiwa.

Siku ya kuomba mchumba ilikuwa imeshapangwa, Jumamosi ya mwanzo baada ya Pasaka, wakati Papa Onésime alipokuwa ananyoa ndevu uani na mke wake, Mama Léocadie, akaacha kutwanga sombe, majani ya muhogo.

"Papa Laurent, geuka ku jua."

"Nini tena?"

"Geuka, nakuambia. Yesu! Macho yako iko manjano kama ya kuku."

"Ni moshi ya makala tunawasha kule kazi."

"Moshi inaleta wekundu. Manjano hapana. Ulikunywa kwa nani?"

Alijua alikokunywa. Sote tulijua. Kinu kilikaa kimya asubuhi ile yote.

Nilimsindikiza kwa daktari, maana miguu yake haikuwa na nguvu. Dokta Kamate alikuwa kijana aliyemaliza chuo kikuu Kinshasa, mtu asiyependa kusema asichokijua. Alimpapasa tumbo chini ya mbavu za kuume, akamtazama macho, akasema kwamba ini limeshikwa, ni hepatiti.

"Na inatoka wapi, Dokta?"

"Iko ya namna nyingi, Papa. Kuna ile inapita mu kinywa, mu maji ao chakula chafu. Kuna ingine inapita mu damu."

"Yangu ni gani?"

"Hapa hatuna cha kupimia. Nitatuma damu yako Kinshasa na ndege."

Papa Onésime alifikiri. "Kama ni ile ya kinywa, inaweza kutoka mu mtungi wa kasikisi?"

Dokta Kamate akasogea karibu. "Inaweza kutoka popote mutu anaweka mdomo. Lakini nionyeshe ile mkono." Akaushika mkono wa kushoto, akakigeuza kidole gumba kwenye dirisha, akakitazama kwa muda. "Papa, sindano hizi, unazijaribu mbele ya kuchemsha ao nyuma?"

"Mbele. Nikijaribu nyuma, nitazichafua."

Daktari aliuachia mkono polepole. Hakumgombeza. Tangu siku hiyo aliamuru sindano zichemshwe kwanza, ndipo zinolewe, kisha zichemshwe tena. Amri nzuri, ila ilitaka makaa mara mbili, na kuna siku makaa yalipatikana na kuna siku hayakupatikana. Halafu akaongeza neno moja, akiwa ameshafika mlangoni, kana kwamba ni jambo dogo:

"Na pombe, basi. Hata tone. Mpaka mimi mwenyewe nitakapokuambia."

Nilimwona Papa Onésime anaduwaa. Sikuelewa mara moja kwa nini. Nilielewa njiani, tulipokuwa tunakanyaga mawe meusi ya Birere na yeye akasimama kama mtu aliyesahau njia ya kwake.

"Mwalimu," aliniita hivyo siku zote, "siku ya kuomba, mama wa binti anaweka mtungi. Mrija wa kwanza ni wa baba wa kijana. Baba yenyewe njo mimi. Batu yote wanaangalia. Nikikataa, nimesema nini?"

Hakungoja nijibu. Akikataa, amesema mbele ya ukoo wote wa Masisi kwamba Donatille ni mtu wa karuho. Hapo hakuna ndoa tena. Na yule mjane asingepata tena hata jirani wa kumwomba moto. Akinywa, anaharibu ini lake. Na lililomsumbua zaidi ni kwamba pande zote mbili za mashaka zilimwambia neno moja. Kama ni sumu, usinywe. Kama ni sindano, Donatille hana kosa, lakini bado usinywe.

"Weye umesoma," akaniambia. "Niambie tu neno moja. Ni kidole ao ni mtungi?"

Nilifurahi kuulizwa, kwa sababu niliona jibu liko wazi. Jioni hiyo, tukiwa tumekaa uani kabla jua halijazama, nikawaeleza yeye na Mama Léocadie kwa utaratibu. Marcelline hajawahi kugusa pombe maishani mwake. Dini yake inamkataza. Kwa hiyo ugonjwa wake haukutoka mtungini. Lakini Marcelline anachoma sindano, Célestin alifyonza damu, na Papa ananoa. Wote watatu wanashika damu za watu. Nilijiona nimemaliza.

Mama Léocadie hakuacha kuchambua maharage. "Marcelline hakunywake pombe. Na chai?"

"Chai?"

"Mu hospitali, saa ine, nani anapitaka na termosi? Si Donatille? Na ingine ile, Mwalimu: Donatille anafua mashuka ya damu ya hospitali yote, na yuko muzima, anacheka, ananenepa. Damu inachaguaka batu?"

Nilisema kwamba mwili wa mtu hutofautiana na wa mwingine, na hata masikioni mwangu mwenyewe sentensi hiyo ilisikika kama ya mwanafunzi aliyekosa kusoma. Papa Onésime alikuwa akimtazama mkewe, kisha mimi, kisha kidole chake, na katika yale macho ya manjano niliona kwamba nimemwongezea mzigo badala ya kumtua.

Manjano yalipungua wiki baada ya wiki. Uchovu ulibaki. Damu iliyopelekwa Kinshasa haikurudisha neno. Wengine walisema imefika, wengine walisema ndege ile haikutua kabisa. Mama Léocadie alimpeleka kwa mganga wa Kinyogote anayetapisha karuho, na Papa Onésime akatapika kitu cha kijani ambacho mganga alikiita sumu na Dokta Kamate akakiita nyongo. Alirudi kazini. Marcelline alimletea bunda la pamba, akamwonyesha: sindano yenye ndoana inashika uzi wa pamba, isiyo na ndoana inapita.

"Papa, acha kidole. Tumia hii."

"Mama, pamba haina akili."

"Kidole chako ndicho kina akili? Kingekuwa na akili kingekimbia."

Alicheka, akatumia pamba. Ila nilipopita kumtembelea niliona kwamba baada ya pamba aliivuta sindano tena juu ya kidole, bila kujua, kama mtu anayejikuna. Nilimwambia. Akashtuka, akaitupa ile sindano mezani kama nyoka.

Alhamisi kabla ya siku ya kuomba, akaniambia nimfuate. Hakumwambia mke wake. Tulikwenda hadi kwa Donatille, nyuma ya hospitali, tukamkuta anakamua ndizi mbivu kwa majani makavu katika kihori cha mti, mikono imezama hadi viwiko. Alimwona Onésime, hakuacha kazi.

"Unasimama mu mlango kama mutu wa kodi. Ingia, ao unaogopa?"

"Naogopa."

"Angalau leo umesema kweli. Unaogopa nini, mimi?"

"Naogopa siku ya posho." Kwetu Jumamosi huitwa hivyo.

Donatille alinyanyua kichwa. "Wanasema nilimuua Célestin. Wanasema niko nakuua weye, lakini polepole, juu ya urafiki. Hata bwana yangu, aliyepinduka na camion ku njia ya Sake, sasa ni mimi nilipindua camion. Niko na nguvu sana, sivyo? Na nguvu ile yote, bado nafua mashuka." Alicheka. "Na weye mwenyewe, Onésime. Unaamini nini?"

Nilidhani atamdanganya kwa upole. Lakini alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema:

"Asubuhi, nikifika kazi, naamini ni kidole. Nikirudi ku nyumba naamini ni mtungi. Sasa nikikuona, nasema niko mupumbavu. Kesho tena sijui. Dokta anasema hii, mama Laurent anasema ile, Mwalimu anasema yake. Mimi sijui, Donatille. Najua tu kwamba Dokta amenikataza pombe, na kwamba sitaki kukuvunja."

Donatille akaitoa mikono kihorini. Maji ya ndizi yalikuwa yanadondoka kutoka vidoleni mwake. Akayatazama.

"Hii," akasema, "leo hii si pombe. Ni mutobe. Maji ya ndizi tu, haijachachuka. Watoto wanakunywa. Nikiikamua asubuhi ya siku yenyewe, nikiweka mu mtungi..."

"Na Muzee Paul?"

Muzee Paul ndiye kaka mkubwa wa marehemu mume wa Donatille. Ndiye atakayeshuka kutoka Masisi kusema kwa niaba ya ukoo wa binti, na bila neno lake Séraphine hatoki nyumbani. Mwaka uliopita, katika harusi nyingine, aliinuka na kuondoka kwa sababu tu pombe ilikuwa changa. Alisema binti wa ukoo wake hatolewi juu ya maji ya sukari.

"Nitamutumia neno na dereva," akasema Donatille. "Nitamuambia ukweli yote, hata ile ya macho."

"Atakataa."

"Pengine. Pengine hapana. Amezeeka."

Papa Onésime alisimama aondoke, kisha akageuka. "Neno moja tena. Siku ile, mbele ya kunipa mrija, usionje."

Sikuamini nilichosikia. Desturi ni kwamba mwenye mtungi huonja kwanza, mbele ya macho ya wageni, ili waone kwamba hakuna kitu ndani. Na katika hali ile, watu wangemkazia Donatille macho kuliko siku zote. Donatille naye alishangaa.

"Watasema umepotelewa na akili."

"Waseme. Unipe mrija mimi wa kwanza, mbele ya mdomo wako. Pale njo wataona sikuogope."

"Na kama karuho imo?" akamtania, kichwa upande.

Papa Onésime hakucheka mara moja. Ilimchukua kitambo kidogo sana, lakini mimi nilikiona, na Donatille alikiona. Kisha akacheka, na Donatille akarudi kukamua ndizi zake kwa nguvu.

Mama Léocadie alizipata habari sokoni siku iliyofuata, jinsi habari zinavyopatikana Birere.

"Bila kuonja! Weye unataka niwe mujane kabla ya kuwa bibi?"

"Nataka kijana yetu aoe."

"Nenda basi. Unywe peke yako. Mimi siendi pale."

Sasa ni Jumamosi, na ninaandika haya nikiwa nimekaa uani kwa Mama Donatille, kwenye kiti cha kuazima. Salongo ya asubuhi, ile kazi ya lazima ya kusafisha barabara, imekwisha. Watu wameosha udongo wa barabara miguuni na kuvaa vizuri. Laurent anatembea huku na huku kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Séraphine yuko ndani na wenzake. Tunamsikia anauliza saa. Mtungi wa mutobe umewekwa katikati, umefunikwa kwa jani la mgomba, na pembeni yake mrija mmoja mpya. Marcelline amekuja na kikwembe chake, kitenge cha kwaya. Anasema ni mara yake ya kwanza kualikwa mahali atakapokunywa sawa na watu wengine.

Mama Léocadie naye amekuja. Tulipokuwa tunatoka nyumbani alitokea mlangoni amejifunga vizuri, hakumsemesha mumewe, akatembea mbele yetu njia yote. Katika fundo la kikwembe chake nimeona shingo ya kichupa kidogo chenye dawa ya yule mganga wa Kinyogote. Papa Onésime ameiona pia. Amejifanya hajaiona.

Jibu kutoka Masisi halikuja. Dereva aliyepelekewa neno alisema alilifikisha, na kwamba mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kulala. Basi. Muda mfupi uliopita mtu mmoja wa baiskeli, aliyetoka Sake, amesimama kwenye mlango wa parseli na kusema camion, lile lori la Masisi, iko njiani. Juu yake, kati ya magunia, ameona mzee mwenye kofia pana amekumbatia mtungi mkubwa uliofungwa kwa majani.

"Mtungi wa nini?" Donatille ameuliza.

"Mama, nitajua namna gani? Umefungwa."

Tangu hapo hakuna anayeongea kwa sauti. Mmoja anasema ni kasikisi, mzee ameleta yake kwa hasira, na mrija wa kwanza bado ni wa Papa Onésime. Mwingine anasema ni maziwa, ndivyo wazee wa Masisi wanavyofanya wakitaka kubariki. Mama Léocadie amesogeza kiti chake karibu na cha mumewe. Papa Onésime ameniuliza mimi ninaonaje, na nimemwambia kwamba sijui.

Camion imepiga honi kule kwenye kona ya barabara kubwa. Watu wote wamesimama. Papa Onésime amesimama wa mwisho, ameingiza mkono wa kushoto mfukoni, halafu ameutoa tena, na anatazama mlangoni.